Anguko la Mpanda Kuta

Mdogo wake alikuja kibandani mchana, mashine ikiwa inalia, akasubiri mpaka ufunguo uishe kuchongwa ndipo akaweka kifurushi juu ya kaunta. Haikuwa kawaida yake kusubiri. Siku zote huingia akiongea, mguu wake wa kushoto ukimfuata nyuma kidogo kama mtu aliyelazimishwa safari. Siku hiyo alisimama kimya, mikono yote miwili juu ya kifurushi.

"Fungua, Dada."

Dada akajipangusa chenga za shaba kwenye aproni, akafungua. Kilikuwa kitabu cha jalada gumu, chenye picha ya joka na harufu ya wino mpya. Toleo jipya la sheria za mchezo wao.

"Kizuri," akasema, kwa sauti ile ambayo mtu humsifia nayo mtoto wa jirani.

"Kila mtu amehamia huku. Tumebaki sisi tu na kile cha mitumba."

"Cha mitumba kimekukosea nini?"

"Kimezeeka. Sheria zake zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na nusu umezitunga wewe." Akacheka. "Tuhamishie safari yetu humu. Nchi ileile, watu walewale, sheria mpya basi. Utaona, hata kwako itakuwa rahisi."

Dada akafungua kurasa mbili tatu, akafunga. Kuna mteja alikuwa amesimama nyuma na kitasa kizima mkononi. Akasema wataongea Jumapili.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni wa mezani, ila hauna mshindi. Mmoja huwa msimulizi: ndiye anayeieleza nchi ya kubuni, milima yake, majoka yake na watu wake wabaya. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, kama kuruka genge au kumchoma joka jicho, hurushwa dadu, na dadu ndiyo hukata shauri. Nchi yao iliitwa Nyika ya Shaba, na msimulizi wake tangu siku ya kwanza alikuwa yeye, mchonga funguo.

Siku hiyo ya kwanza mdogo wake alikuwa mtoto, amelazwa chali, plasta imemshika kutoka kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu. Nyonga ilikuwa imeoza kwa ugonjwa ambao kila daktari aliupa jina lake. Mama yao alishinda kwenye kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa ameondoka, na aliyeondoka kwa miguu yake haulizwi. Basi mgonjwa akaachiwa dada. Shule aliisimamisha kwa muda, na huo muda mpaka leo haujaisha. Kitabu alikipata kwa muuza vitabu chakavu, hakina jalada, kurasa za mwisho zimetafunwa na mende. Pale mende walipokula, akajaza mwenyewe.

"Wewe unataka kuwa nani?" akamwuliza mtoto.

"Mpanda Kuta," mtoto akajibu, macho yako darini. "Hakuna ukuta unaomshinda."

Kwa kuwa mtoto hakuweza kuinuka, dadu alirusha dada, kwenye kigoda kando ya kitanda, nyuma ya kipande cha boksi alichokisimamisha ili ramani isionekane. Ukuta wa kwanza ulikuwa mfupi, wa shamba la mchawi. Dadu ikasema Mpanda Kuta ameteleza, amevunjika mguu.

Dada akaitazama dadu. Akamtazama na mtoto, aliyekuwa amebana pumzi.

"Umefika juu," akasema.

Kicheko alichokisikia siku hiyo kilimtosha kama mshahara wa mwaka. Uongo wa kwanza ulikuwa dawa. Uliofuata ukawa chakula. Baadaye ukawa mazoea, na mazoea yana taabu. Plasta ikatolewa, mtoto akawa kijana, kijana akawa mfamasia mwenye koti jeupe, akaoa. Mama yao akatangulia mbele ya haki. Mchezo ukabaki, ukaongezeka watu: Mama Pacha, aliyeshona sare za shule, kisha karani wa posta waliyemwita Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi kuliko wote, na mwisho wifi yake, mke wa huyo mfamasia, mwalimu wa hesabu. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walijaa sebuleni kwa dada, kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki. Dadu zote alizirusha msimulizi, nyuma ya boksi. Waliingia wakaukuta utaratibu huo, wakaona ndiyo heshima ya nyumba.

Mpanda Kuta alikuwa amepanda kila kitu kwa miaka yote hiyo. Hakuwa ameanguka hata mara moja.

Jumapili hiyo kitabu kipya kikazunguka mkono kwa mkono. Mama Pacha alipenda picha. Mrefu alitafuta ukurasa wa wachawi kabla hata hajakaa.

"Nyie," dada akasema, "usiache mbachao kwa msala upitao."

"Fundi, mbacha wenyewe umetoboka," Mrefu akamjibu, "tunakalia sakafu." Wote wakacheka, naye akacheka, maana ilikuwa kweli.

Mdogo wake akasoma mambo yaliyobadilika. Nguvu zinahesabiwa upya. Uchawi umepunguzwa. Halafu, kana kwamba ni jambo dogo: "Kila mchezaji anarusha dadu yake mwenyewe, mezani, wote wanaona. Msimulizi pia. Hakuna kujificha."

"Hiyo si lazima," dada akasema upesi.

"Kwa nini?"

"Inaua hamu. Msimulizi lazima awe na siri zake."

"Siri za hadithi, sawa. Dadu ina siri gani?" aliuliza wifi yake, bila ubaya wowote, huku akimenya chungwa.

Wakapiga kura kwa mikono, na mkono wa dada ukapanda pamoja na ya wengine.

Kazi ya kuhamisha iliwachukua Jumapili kadhaa, na ukweli lazima usemwe, zilikuwa Jumapili nzuri. Walikaa mabega yakigusana, kitabu cha zamani kulia, kipya kushoto, wakimbadilisha mmoja baada ya mwingine. Mchawi wa Mrefu alikuwa mlevi ambaye uchawi wake haufanyi kazi mpaka alewe. Sheria mpya hazikuwa na mchawi wa namna hiyo.

"Kwa hiyo nimeokoka?" Mrefu akauliza.

"Umeokoka, na umepewa mimea ya kutibia."

"Mungu wangu. Miaka yote ile ya pombe imepotea bure."

Mdogo wake alimhamisha Mpanda Kuta kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayehamisha kaburi la mzazi. Kila ushindi aliouandika alimwuliza dada: unaukumbuka mnara wa chuma? Unalikumbuka lile lango la barafu? Dada alikumbuka. Alikumbuka na dadu zilivyokuwa zimesema. Mara mbili alifungua kinywa, na mara zote mbili akainuka kwenda kuongeza maji ya chai.

Alijipa moyo. Dadu ni dadu, akawaza, siku nyingine hukubali. Labda itamkubali.

Ikafika Jumapili ya kuanza. Boksi halikuwepo mezani, na bila boksi dada alijiona kama aliyetoka nje bila nguo. Hata hivyo akasimulia vizuri. Ngome ya mfalme kipofu, usiku wa mvua, ukuta unaoteleza. Mtu wa kuupanda ni mmoja tu.

"Tabu iko wapi?" mdogo wake akasema, akasugua dadu viganjani. "Huyu kazaliwa ukutani."

Akarusha. Dadu ikakataa.

"Aa, anajikwaa," akasema, akicheka. Akarusha tena. Ikakataa tena. Mpanda Kuta sasa ananing'inia kwa mkono mmoja, na kwa sheria mpya alibakiwa na dadu moja ya kujiokoa. Ikikataa, anaanguka, na kutoka kimo kile hakuna kuamka. Mrefu akaacha kutafuna. Mdogo mtu akaitia dadu kwenye ngumi, akaipuliza kama alivyokuwa akiipuliza akiwa mtoto, akairusha.

Ilizunguka, ikagonga bakuli la karanga, ikalala. Namba yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuhesabu.

Hapo ndipo mkono wa dada ulipotoka wenyewe. Hakuutuma. Ukaenda moja kwa moja, ukaifunika dadu, na mdomo wake ukasema, kwa sauti ileile tulivu ya miaka yote, "Umefika juu."

"Wifi," mwalimu wa hesabu akasema polepole, "dadu tumeiona sote."

Dada akautazama mkono wake, kisha akautoa. Alipoinua uso, mdogo wake alikuwa akimtazama, na tabasamu bado liko mdomoni, limesahauliwa pale.

"Dada. Na zamani pia?"

Angeweza kusema hapana. Alishasema uongo mkubwa kuliko huo. Lakini boksi halikuwepo, na bila boksi hakujua pa kuuweka uso.

"Ulikuwa mgonjwa," akasema.

"Nilikuwa mgonjwa nikiwa mtoto."

Kabla hajamjibu, Mama Pacha akaweka kikombe chini. Mwanamke huyu alikuwa na sauti kubwa, ya mtu aliyezoea kushindana na vyerehani. Sasa alisema kwa kunong'ona.

"Na Bibi Upinde wangu?"

Bibi Upinde alikuwa mhusika wake wa kwanza, mwindaji mzee mwenye mdomo mchafu, aliyezungumza hasa kama bibi aliyemlea Mama Pacha mwenyewe. Alikufa kwenye daraja la kamba. Daraja lilikuwa linakatika, juu yake wako wawili, yeye na Mpanda Kuta, na mmoja tu angeweza kufika ng'ambo. Msimulizi alirusha dadu mbili nyuma ya boksi, akasema bibi ameanguka. Mama Pacha alilia mezani pale, machozi ya kweli, na wiki nzima hakugusa cherehani.

"Nakuuliza wewe. Siku ile ya daraja dadu zilisemaje?"

"Mama Pacha, ule ni mchezo..."

"Ulinipa leso nikafutia machozi. Zilisemaje?"

"Yako ilikuwa kubwa."

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea hesabu aliyoitarajia. Akakunja shuka lake alilokuwa akilipinda pindo, akaliweka kwenye mfuko, akaaga kila mtu isipokuwa mwenye nyumba. Mrefu akatafuta mzaha, akaukosa, akamfuata. Wifi yake akasema anamsubiri mumewe nje.

Wakabaki wawili na karanga.

"Haya, nitukane," dada akasema.

"Sitaki kukutukana. Nataka kujua ulikoma lini."

Dada akaanza kukusanya vikombe.

"Hukukoma." Mfamasia akacheka kicheko kikavu. "Nina mvi, Dada. Nimeketi hapa na mvi zangu napewa pipi."

"Nilikuwa nakupa furaha. Kuna dhambi gani?"

"Unajua nilikua nikiamini nini? Kwamba mimi ni mtu wa bahati. Nyonga imeharibika, sawa, lakini nikirusha dadu inaitika. Niliacha kazi ya hospitali nikafungua duka langu kwa imani hiyo. Kila mtu alinionya, nikawaambia nyie hamnijui, mimi siangukagi. Likafa lile duka mwaka haujaisha. Miezi mingapi nilijifungia ndani? Nilikuwa sijui mtu akianguka anaamkaje. Nani angenifundisha?"

"Sasa duka nalo ni langu?" Sauti ikampanda. "Mimi niliacha shule kwa ajili yako. Nimekusafisha, nimekulisha, nimekubeba mgongoni kwenda kliniki mpaka mgongo huu ukapinda. Leo nimekosa kwa sababu nilikwambia umepanda ukuta?"

"Ona," akasema, akiinuka. "Hata hilo hukuniambia lilikuwa deni. Nilidhani ulipenda."

Neno hilo lilimkata kuliko tusi. Alitaka kusema alipenda, alipenda kuliko kitu chochote, lakini mdogo wake alikuwa ameshafika mlangoni, mguu ukimfuata, na dada akabaki na neno kooni kama mwiba wa samaki. Jambo lililomwuma zaidi ni kwamba hakuwa na hakika ni la kweli lote. Kuna Jumapili aliwahi kuirusha ile dadu, ikamkubali mdogo wake yenyewe bila msaada, naye msimulizi akasikia kitu kama wivu.

Mchezo haukufa. Angalau ungekufa angeulilia. Baada ya muda mfupi mdogo wake akatuma ujumbe kwa wote: safari inaendelea, kwake, na msimulizi ni yeye. Mambo yote ya zamani yaliyopatikana kwa dadu za uongo yamefutwa. Mnara wa chuma haukupandwa. Bibi Upinde yu hai. Chini kabisa aliandika: "Dada, karibu. Tengeneza mhusika wako."

Akaenda. Wifi yake alimpokea vizuri, akampa kiti chenye mto. Mama Pacha alikuwepo, akaitikia salamu na kuishia hapo. Wakampa karatasi ya mhusika, naye akaiangalia kama mtu aliyepewa kujaza jina la mtu asiyemjua. Miaka yote alikuwa milima na mvua na maadui. Hakuwahi kuwa mtu mmoja mwenye mikono miwili. Akaandika: mlinzi wa lango.

"Mlinzi wa lango tu?" Mrefu akauliza. "Hana hata kipaji?"

"Anaamka mapema."

Mrefu peke yake ndiye aliyecheka.

Mdogo wake alisimulia. Dada alikuja akiwa tayari kuona makosa, na kosa lililomwudhi ni kwamba hayakuwepo. Alikuwa anajua kunyamaza mahali pa kunyamaza. Aliwapa wabaya sauti zao. Aliwaacha watu washindwe, na wakishindwa alikitoa kitu kizuri ndani ya kushindwa kwao, mlango mwingine, adui mwenye huruma, njia ya chini. Nyika ya Shaba ilikuwa inapumua kuliko ilivyowahi kupumua mikononi mwake.

Kisha wakaja mbwa mwitu langoni. Mlinzi ndiye aliyekuwa mbele.

Akarusha dadu yake ya kwanza maishani kama mchezaji, hadharani. Ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya kujiokoa ikazunguka karibu na mkono wa mdogo wake, ikalala pale pale, inchi chache kutoka vidole vyake.

Kabla namba haijasomwa dada aliinua macho. Hakutaka kuinua, lakini aliinua, na macho yake yakamwomba. Mdogo wake akayaona. Wakatazamana hivyo, watu wa tumbo moja, na kila mmoja alijua mwenzake anajua.

"Amekufa, Dada," akasema kwa upole. "Pole. Kwa sheria unaweza kutengeneza mwingine wiki ijayo."

"Pole," Mama Pacha akasema naye, kama mtu anavyompa pole abiria mwenziwe aliyepoteza mwavuli.

"Asante. Nitatengeneza," dada akajibu. Alikaa mpaka mwisho, akasaidia kuosha vikombe, akawashukuru wenyeji. Wiki iliyofuata akasema ana kazi. Iliyofuata akasema ana mafua. Baada ya hapo hawakumwuliza tena, kwa adabu.

Habari alizipata kwa Mrefu, aliyekuwa akipoteza ufunguo wa sanduku la posta kila mara, kwa bahati mbaya au kwa kusudi. Mchezo umechanganya, Fundi. Wameingia watu wapya, meza imekuwa ndogo. Bibi Upinde amekuwa malkia, anatukana baraza zima. Mpanda Kuta alifufuliwa? La, mdogo wako mwenyewe amekataa, amemwacha alipoangukia, watu wa nchi ile wamejenga kisima pale. Dada alisikiliza huku tupa ikienda na kurudi kwenye meno ya ufunguo, akasema, "Vizuri."

Kwa mdogo wake undugu haukukatika. Alimletea dawa za presha kila mwezi, akamwekea kwenye kaunta, wakaongea juu ya bati linalovuja kwenye nyumba ya mama na mpangaji mkorofi. Walikuwa kama wafanyakazi wa zamu mbili wanaopokezana ofisi.

Siku moja alichelewa kuondoka. Alizungusha zungusha pete ya funguo za mfano iliyoning'inia dirishani.

"Dada, nikuulize kitu. Wamefika kaskazini, kwenye lile pango la wafungwa uliloliweka kwenye ramani. Hukuwahi kutupeleka. Nimetafuta, hakuna maelezo popote. Mle ndani kuna nini?"

Dada akazima mashine.

Mle ndani kulikuwa na vingi. Alikuwa amelitunga pango lile akiwa kijana, kwenye kiti cha kliniki, mtoto amelala mapajani mwake akisubiri kukatwa plasta. Alijua jina la kila mfungwa na kosa lake, na ni nani kati yao hakuwa na kosa. Alijua wimbo walioimba ili wajue kumekucha, maana jua halikuwafikia. Alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya mwisho wa safari, siku Mpanda Kuta atakapoteremka badala ya kupanda. Sehemu yote nzuri ya kichwa chake ilikuwa mle.

Akamtazama mdogo wake. Mvi zilikuwa zimemzidi. Alikuwa ameinama juu ya kaunta kwa hamu, kama mtu anayesubiri kusikia ameteleza au amefika.

"Hakuna kitu," akasema. "Niliweka jina tu kujaza ramani."

"Kweli?"

"Mimi na wewe si tulimaliza kudanganyana?"

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa, akasema basi atabuni mwenyewe, akamkumbusha asizidishe chumvi, akaondoka. Mteja aliyefuata alitaka funguo mbili za mlango wa nyuma. Dada akabana ya kwanza kwenye jiliwa, akawasha mashine, na chenga zikaanza kumrukia mikononi.